Gemu Isiyo na Kushoto

Jumatano, 4 Machi

Mvua imeanza kweli kweli. Studio wameingia watu wawili tu: mmoja picha za pasipoti, wa pili alikuja kujikinga akajifanya anauliza bei za fremu. Nilimpa kiti.

Jumamosi, 7 Machi

Jumamosi ya Gemu imerudi. Mwaka jana tuliianza kwa utani, mimi na Kinyozi wa mlango wa pili. Mvua ikinyesha hakuna anayenyoa wala anayepiga picha, na mimi nina viti vya wateja na televisheni kubwa ya chogo ambayo hakuna mwizi mwenye mgongo wa kuibeba. Tukasema tutafute gemu tulizochezea utotoni, tuwaite majirani. Kumbe nusu ya mtaa ilikuwa imeficha mashine za gemu uvunguni.

Sheria ni moja. Mwenye gemu anasimama, anasema neno lake, kisha gemu inachezwa, kisha tunapiga kura kwa mikono: nzuri au takataka. Mtangazaji ni mimi. Kwenye kupiga picha naambiwa niko sawa tu, lakini kwenye kutangaza gemu mbovu mtaa huu haujapata mwingine. Najisifu kwenye shajara yangu mwenyewe, nani atanishitaki?

Leo Kinyozi alileta katriji yake iliyoandikwa GEMU 9999 KWA MOJA. Tukazifungua moja moja. Ziko nne. Zilizobaki ni hizo hizo zimebadilishwa majina, au yule jamaa amevalishwa nguo nyekundu. Kinyozi akasimama kwa heshima zote. "Jamani, mimi utotoni niliamini ziko 9999. Nilikuwa nazitafuta. Nilipofika mia nne na kitu ndipo nikaanza kuwa na wasiwasi na maisha."

Ilipita takataka kwa kishindo. Nilisema hiyo siyo katriji, ni mgombea uchaguzi. Watu mbavu hawana.

Jumanne, 10 Machi

Paa la nyumba ya baba mkwe limeng'oka upande mmoja. Mume wangu alipiga simu kutoka huko wanakojenga barabara: mzee anakuja kwetu mpaka mvua ziishe. Yeye mwenyewe hawezi kutoka kazini kabla ya mwisho wa Aprili. Akalalamika mkono unamuuma, kama kila masika. Ule wa kushoto haunyooki vizuri tangu utotoni, kiwiko kimegoma, na mimi humtania kwamba akiondoka ananiaga nusu.

Baba amefika na begi moja na boksi lililofungwa nailoni. Kidoti, mwanangu, amehamia chumbani kwangu na vitabu vyake vyote na mdoli asiye na kichwa.

Alhamisi, 12 Machi

Mimi na baba mkwe tunaheshimiana mpaka inachosha. Mimi nainuka akiingia, yeye anainuka akiniona nimeinuka, tunabaki tumesimama sebuleni kama tunaoimba wimbo wa taifa. Kikombe chake anakiosha mwenyewe kabla sijakifikia. Maisha yake yote alikuwa mpima mizani kwenye ghala la nafaka, na bado anatazama kila kitu kama anakipima: sahani ya wali, mzigo wa nguo, hata mtu.

Jumamosi, 14 Machi

Leo muuguzi wa zahanati alileta gemu ya ndege. Nilikuwa nimeisahau kabisa gemu ile! Ndege ndogo ya bluu, mawingu yanapita taratibu, muziki wake unakaa kichwani wiki nzima. Akasimama na kusema yeye na dada yake walikuwa wakicheza kwa zamu, mmoja anarusha, mwingine anashika tumbo kwa woga. Siku hizi dada yake yuko mbali. Ikapita nzuri bila ubishi, na mimi nikanyamaza kidogo, maana si kila gemu inataka mdomo wangu.

Baba alikuja kwa mara ya kwanza. Alikaa kiti cha nyuma kabisa, mwavuli katikati ya magoti. Tulipofika nyumbani akaniuliza:

"Kila mwenye gemu husimama?"

"Kila mmoja, Baba. Ndiyo sheria yetu."

"Na akisimama anasema nini?"

"Anachotaka. Aliipata wapi, kwa nini anaipenda."

"Mm," akasema. "Ni sheria nzuri."

Jumatano, 18 Machi

Baba amelifungua lile boksi. Ndani mna mashine ya gemu yenye kibodi, zile zilizouzwa kama kompyuta za kufundishia watoto, pamoja na nyaya, pedi mbili za kuchezea, na kaseti moja ya redio iliyofungwa kwenye leso. "Mna vitu vya zamani humo, mama. Ukiona vinafaa kwa Jumamosi yako." Nikamshukuru. Kaseti haina jina wala maandishi. Nafikiri ilikuja na mashine.

Ijumaa, 20 Machi

Mvua kutwa. Baba aliniomba pasi.

Jumamosi, 21 Machi

Leo ndiyo leo! Sijawahi kuchekesha watu kama leo. Bado koo linaniwasha.

Nianze mwanzo. Mashine hii ya kibodi inakula hata kaseti za redio. Unacheza kaseti, waya unapeleka sauti kwenye mashine, na mashine inaigeuza ile kelele kuwa gemu. Inachukua dakika kadhaa. Kelele yenyewe ni kama mbu aliyefungiwa kwenye sufuria. Mtu mwenye akili angeziba sauti, asubiri. Mimi nikaipitisha kwenye spika kubwa ili kila mtu asikie, nikashika maikrofoni nikaanza: "Mabibi na mabwana, gemu inapiga mayowe kabla hata hatujaigusa! Inajua ilichokifanya!" Sikunyamaza hadi ilipomaliza. Watu wakatoa simu wakawa wanarekodi.

Kabla ya hapo Kinyozi alikuwa ameuliza ni ya nani. Nikamwambia, "Hii haina mwenyewe, nimeikuta kwenye boksi. Leo tujiachie."

Ikafunguka. Nyumba ya mistari, paa linavuja, kijana wa mraba amebeba ndoo. Matone yanadondoka, yeye anayakinga. Basi. Hiyo ndiyo gemu nzima. Kijana anatembea mwendo wa mtu anayepeleka barua ya kufukuzwa kazi. Nikamwambia Kinyozi, mrudishe kushoto. Akabonyeza mishale yote ya pedi, ile inayokaa chini ya dole gumba la kushoto. Wapi! Mishale imekufa. Vinavyofanya kazi ni vitufe viwili tu vya upande wa kulia: kimoja kinamtembeza kijana kwenda kulia, kingine kinamrusha juu. Tone likidondoka nyuma yake, lazima aende kulia mpaka atokee nje ya skrini, aibukie upande wa pili.

"Huyu hata akiitwa nyuma haitiki!" nikasema. "Akisahau ufunguo ndani, lazima aizunguke dunia!" Muuguzi akashuka kwenye kiti kwa kucheka. "Aliyeitengeneza alikuwa amelewa, ndugu zangu. Aliamka asubuhi akakuta dunia imebaki na upande mmoja!"

Na ukikosea hufi. Skrini inaandika POLE. TENA. Ukijaza ndoo inaandika MAMA AKIRUDI ATAKUTA PAKAVU. Nikasema gemu gani hii, mtu anaharibu anapewa pole, hii si gemu, ni bibi yake mtu. Nikasema pia kaseti nzuri kama hii ni heri mtu angemrekodi mtoto wake akisoma, angalau ingekuwa na faida.

Takataka, mikono yote juu. Yote isipokuwa ya Baba, ambaye naona hapendi kupiga kura. Alikuwa kule nyuma, anatabasamu anatazama viganja vyake. Shati lake lilikuwa limenyooshwa mpaka mikunjo ya pasi inaonekana mikononi. Lazima alikuwa na miadi mahali.

Jumapili, 22 Machi

Video zimesambaa mtaa mzima. Muuza mkaa kaniita "Hana Kushoto" kutoka ng'ambo ya barabara.

Jumatano, 25 Machi

Baba kaazima redio kaseti yangu. Jioni nilimsikia Kidoti chumbani kwa Baba akisoma kitabu cha shule kwa sauti, na mzee anamsahihisha polepole. Nilisimama mlangoni na kapu la nguo, nikaona raha.

Jumamosi, 28 Machi

Gemu ya mpira ambayo kipa amegeuka kuangalia nyavu. Takataka ya heshima. Lakini watu walitaka "ile ya juzi", basi nikawaigizia: nikatembea kulia mpaka nikajigonga ukutani kwenye pazia la picha, nikatoka nje, nikaibukia mlango wa upande wa pili. Vifijo. Baba hakuja, alisema kichwa kinamgonga.

Jumapili, 29 Machi

Sijui niandike vipi. Niandike kama ilivyokuwa.

Mume wangu alipiga mchana. Mimi nilikuwa na hamu ya kumchekesha, wiki mbili hatujaongea vizuri, mtandao wa huko porini unaujua. Nikamwambia kuna gemu moja imetuvunja mbavu. Kijana ana ndoo, paa linavuja, haendi kushoto hata kwa viboko.

Akasema, na sauti yake ilikuwa ya furaha, Mungu wangu, ya furaha tupu: "Mzee bado anayo?"

"Mzee yupi?"

"Baba! Si yeye aliyeitengeneza? Aliniambia ilipotea tulipohama."

Akaanza kunisimulia, nami nimesimama jikoni na mwiko mkononi. Alikuwa na miaka saba, masika kama haya, akaanguka kutoka kwenye ukuta wa jirani akavunjika mkono wa kushoto. Plasta kuanzia begani. Watoto wa jirani walikuwa na mashine na katriji za kila aina, wakawa wanamwita, lakini pedi inataka mikono miwili, kwa hiyo alikuwa anakaa pembeni anatazama migongo yao. Siku moja akarudi nyumbani analia. Mama yake alikuwa kazini kutwa, ghala lilikuwa limefungwa kwa mvua, na baba yake yuko nyumbani na mashine ya kibodi aliyoachiwa na mtu aliyehama. Mzee ambaye hajawahi kugusa kitu kama hicho akafungua kile kitabu cha maelekezo akaanza kubonyeza.

"Alitengeneza ya mkono mmoja," mume wangu akasema. "Kulia tu, kwa sababu mimi nilikuwa na kulia tu. Watoto wa jirani wakaja kwetu wakaiomba. Wakacheza na wao mkono mmoja nyuma ya mgongo, mimi ndiye niliyeiweka sheria hiyo. Yaani masika yale nilikuwa mfalme." Akacheka. "Usimwambie kama umeniambia. Nikirudi nitaicheza na Kidoti."

Nikasema mtandao unakatika. Haukuwa unakatika.

Nimeoga, nimepika, nimekula, na aibu iko pale pale imekaa. Narudia maneno yangu mwenyewe kichwani, moja moja. Amelewa. Haina mwenyewe. Bibi yake mtu. Na yeye yuko kule nyuma na shati lililopigwa pasi. Hakuwa na miadi popote. Aliuliza kama kila mwenye gemu husimama, nami nikamwambia kila mmoja, ndiyo sheria yetu. Alikuja amevaa ili asimame.

Jumatatu, 30 Machi

Nimeitafuta kaseti kwenye boksi. Leso ipo, imekunjwa. Kaseti haipo.

Iko kwenye redio. Nikaibonyeza. Kidoti anasoma habari za sungura na kisima.

Nikamwuliza Kidoti kama ile ni kaseti ya gemu. "Ndiyo, Babu alisema ile gemu haina faida. Alisema ni wewe uliyesema ni heri irekodiwe mtoto akisoma. Mama, nimesoma vizuri?"

Nikamwambia amesoma vizuri sana. Nilikwenda bafuni nikafungua bomba ili asisikie.

Jumatano, 1 Aprili

Mvua. Sikwenda kazini.

Jumamosi, 4 Aprili

Nimebandika karatasi mlangoni: mtangazaji ana mafua. Kinyozi kaja na machungwa. Akaniuliza nini hasa, nikamwambia mafua. Akatazama pua yangu kavu akaondoka.

Jumanne, 7 Aprili

Leo nilipata wazo nikajiona nina akili. Gemu ile ni sauti. Na ile sauti niliipitisha kwenye spika kubwa, na watu walirekodi kwa simu zao. Basi bado ipo! Nikazunguka mtaani kuomba video: kwa Kinyozi, kwa muuguzi, kwa muuza mkaa. Wote wakanipa huku wanacheka, wanadhani nataka kujisikiliza.

Na kweli nimejisikiliza. Nimekaa studio mlango umefungwa, nimeunganisha simu na mashine, nimecheza ya kwanza. Skrini ikaandika kosa. Ya pili, kosa. Ya muuza mkaa ndiyo safi kuliko zote, alikuwa amekaa karibu na spika. Kosa.

Kosa lenyewe najua ni nini. Kila kelele ya kaseti ilipopita, sauti yangu ilipita juu yake. Mashine haijui kuchambua gemu na mdomo wangu. Nimejaribu kutafuta mahali nilipovuta pumzi. Ni padogo mno.

Alhamisi, 9 Aprili

Nilirudia tena leo mchana. Nilikuwa nimeinamia simu, video ya muuza mkaa inacheza, kelele na mimi, mimi na kelele, nikasikia mtu anafunga mwavuli mlangoni. Sijui Baba alikuwa amesimama pale tangu lini.

"Hapo umeongea sana," akasema.

Nikazima. Nikainuka. Yeye alikuwa amesimama tayari, kwa hiyo tukabaki tena wima kama kawaida yetu.

"Baba, nimekukosea."

"Keti, mama."

"Mume wangu amenieleza. Mkono, plasta, yote. Mimi sikujua."

"Ulikuwa hujui," akakubali. Akavuta kiti cha wateja wa pasipoti, kile kisichozunguka, akakaa, na taa za picha zikawa zinamwelekea kama anayesubiri kupigwa. "Lakini hukuuliza."

"Kwa nini hukuniambia ni yako?"

"Ningekuambiaje? Nilikuwa nangoja niitwe. Yule mama wa ndege aliitwa akasimama akasema vizuri. Nami nilikuwa nimejiandalia maneno yangu. Ukasema haina mwenyewe." Akatazama mwavuli unavyochuruzika sakafuni. "Watu walikuwa wanafurahi. Mzee akisimama katikati ya kicheko si atawaharibia? Nikakaa."

Nikalia. Sikulia kwa ustaarabu, nililia kama Kidoti. Akaniacha nimalize. Nilimwambia tuiandike upya, yeye asome mimi nibonyeze, mvua bado zipo. Akatikisa kichwa. Hakumbuki hata mstari mmoja. Alikuwa hajui anachokiandika hata siku zile, anakisia, mashine inakataa, anakisia tena, mpaka ikubali. Masika mazima. "Siku hizi sina subira hiyo," akasema. "Na mtoto mwenyewe ana ndevu."

Hakukasirika. Laiti angekasirika. Alipofika mlangoni ndipo akageuka, na hapo uso ulikuwa umebadilika.

"Jambo moja tu. Ulisema aliyeitengeneza alikuwa amelewa."

"Baba..."

"Sijawahi kunywa. Sijawahi hata kuonja. Watu wa hapa hawanijui, sasa wananijua hivyo."

Akafungua mwavuli akaenda zake. Nilitamani ardhi ipasuke.

Jumapili, 12 Aprili

Mume wangu kapiga. Kauliza kama Kidoti ameiona gemu. Nikasema bado. Aibu nyingine juu ya aibu, sasa nazipanga kama sahani.

Jumatano, 15 Aprili

Fundi wa paa amemaliza. Baba amerudi kwake. Ametandika kitanda, ameosha kikombe. Mashine ya kibodi ameiacha kwa Kidoti, na kaseti ya sungura amekwenda nayo yeye.

Jumanne, 21 Aprili

Manyunyu. Picha za harusi moja, maharusi wamelowa.

Jumatatu, 27 Aprili

Mume wangu amefika jana, mwekundu kwa vumbi la huko ambako hakuna mvua. Kabla hajavua viatu akauliza mashine iko wapi. Nikamwambia akae. Nilikuwa nimejiandaa kulainisha maneno, kwamba sikujua, kwamba ni mchezo wa Jumamosi, kwamba mzee mwenyewe ndiye aliyefuta. Nilipomwona anafungua nyaya kwa pupa kama mtoto, nikashindwa kulainisha. Nikamwambia ilivyokuwa.

"Ulicheka na watu," akasema.

"Niliwachekesha mimi."

"Na mzee alikuwepo."

"Alikuwepo. Kiti cha nyuma."

Akazirudisha nyaya kwenye boksi, moja moja, kila moja ameizungusha vizuri. Kisha akatoka nje kurekebisha mfereji wa maji wa paa, ambao haukuwa na tatizo lolote. Tangu hapo tunazungumza habari za chumvi na funguo tu.

Alhamisi, 30 Aprili

Nimekwenda kwa Baba peke yangu. Paa jipya linang'aa mpaka linaumiza macho. Nikamwambia Jumamosi ndiyo ya mwisho, mvua zinaondoka, na namwomba aje. Akauliza kuna gemu gani. Nikasema hakuna. Akanipima vile anavyopima. Hakusema ndiyo wala hapana.

Jumamosi, 2 Mei

Studio ilijaa mpaka watu wakakaa kwenye meza ya kukatia picha. Wote wamekuja kumuaga mchekeshaji wao. Mume wangu alikuja na Kidoti, akasimama ukutani, hakukaa karibu nami. Kiti cha nyuma nilikiwekea koti langu ili asikikalie mtu. Saa tisa ikapita, kikabaki na koti.

Nikaanza. Nikasema leo hatuchezi, leo tunasikiliza. Nikaunganisha simu na ile spika kubwa, nikacheza video ya muuza mkaa tangu mwanzo.

Kelele ikaanza, na sauti yangu juu yake. Watu wakacheka. Bila shaka wakacheka, ni mimi niliyewafundisha. Inajua ilichokifanya! Kinyozi akajipiga paja. Nami nimesimama mbele yao mdomo umefungwa, nasikiliza. Kicheko kikaendelea kidogo, kikapungua, kikabaki cha mtu mmoja, kikaisha. Kelele ikaendelea na mimi nikaendelea, mzaha baada ya mzaha, hakuna anayecheka, na ilikuwa ndefu, sikujua kama niliongea muda wote huo. Mahali fulani katikati mlango ulifunguliwa. Niliona mwavuli kwanza. Kidoti akaliondoa koti kitini bila kuambiwa.

Ilipoisha nikawaambia. Kwamba kelele ile ilikuwa ndiyo gemu, na hii ndiyo nakala pekee iliyobaki, na haifunguki kwa sababu niliongea juu yake. Kwamba nilisema haina mwenyewe na niliongopa, kwa sababu nilikuwa sijauliza.

"Sheria yetu mnaijua," nikasema. "Mwenye gemu asimame."

Baba akasimama. Shati lilikuwa lile lile, mikunjo ile ile ya pasi. Akaegemeza mwavuli kwenye kiti, ukaanguka, hakuna aliyeuokota.

"Gemu ile ni yangu," akasema. "Niliitengeneza masika kama haya. Mwanangu alikuwa amevunjika mkono wa kushoto, na gemu zote za watu zilitaka mikono miwili. Kwa hiyo yangu haina kushoto. Haina kufa pia, kwa sababu alikuwa ameshaumia vya kutosha." Akafikiri. "Kijana anatembea polepole mno. Hiyo ni kasoro, nakubali, sikujua kumwongeza mwendo. Na ukifika nyumba ya nne ndoo inapotea, sikupata kujua kwa nini." Akanitazama mimi, kisha akawatazama wao, kiti kwa kiti. "Na sikuwa nimelewa."

Akakaa. Muuguzi alikuwa anajifuta macho kwa kola ya koti lake.

Kinyozi akauliza kwa sauti ndogo, "Sasa tunapiga kura? Hata haipo."

Nikasema sheria ni sheria. Nikauliza wanaosema nzuri.

Mikono ikainuka. Sikuwa na uso wa kuitazama yote. Nilitazama ukutani, alikosimama mume wangu. Alikuwa amemshika Kidoti kwa mkono wa kulia, ule mzima, na hakumwachia. Akauinua wa kushoto, mpaka pale kiwiko kinapogoma.